Kumtafuta farasi-bahari kwenye maji ya vumbi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wageni wengi wanaofika kuzamia wana maombi mawili kwa pamoja: maji yawe safi kama kioo, na wamwone farasi-bahari. Mara nyingi inabidi wachague moja. Kwa miaka 11 nimekuwa nikiongoza watu kwenye maji ya ndani ya ghuba, kando ya mikoko na chini ya magati, huko ambako mapezi ya mwenzako yanapotea machoni akikutangulia hatua tatu. Maswali ni yale yale kila msimu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa watu tukiwa tumekaa kwenye mashua tunasubiri maji yasimame.

Kwa nini mnatupeleka kwenye maji machafu wakati miamba ya matumbawe iko nje hapo?

Kwa sababu ndiko anakokaa. Farasi-bahari ni samaki, ingawa kwa umbo hafanani na samaki yeyote unayemjua, na katika kuogelea yeye ni dhaifu mno. Hana pezi la mkia. Anajisukuma kwa pezi dogo la mgongoni linalopepea makumi ya mara kwa sekunde, na hata hivyo mkondo wa kawaida tu unamchukua. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kushika. Mkia wake umeumbwa kwa kazi hiyo: ukiutazama kwa karibu si wa duara, una pande nne, umejengwa kwa vibamba vya mfupa vilivyopangana mpaka nchani. Anashika jani, mzizi wa mkoko, kamba ya nanga au sifongo, kisha anatulia akingoja chakula kipite mbele ya mdomo.

Sasa fikiria: pale ambapo mkondo ni mdogo ndipo tope linapotua. Na kuna jambo la pili. Farasi-bahari hana tumbo wala meno. Chakula kinapita mwilini upesi, hivyo hula kutwa nzima, vijidudu vya jamii ya kamba ambavyo vingi ni vidogo kuliko punje ya mchele. Vijidudu hivyo hujaa kwenye maji yenye rutuba, na maji yenye rutuba hayawi kioo. Utulivu, chakula na vumbi vinakaa nyumba moja. Ukiyakimbia maji ya vumbi, umemkimbia na yeye.

Wapo kweli huku kwetu, au mpaka niende Asia?

Wapo, tena si aina moja. Kwenye pwani ya Tanzania anajulikana Hippocampus histrix, mwenye miiba mwili mzima, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na nungunungu. Yupo Hippocampus camelopardalis, aliyepewa jina la twiga, anayepatikana pia Msumbiji na Afrika Kusini. Yupo Hippocampus kelloggi, mkubwa wa mwili, anayependa kina kirefu. Na kwenye majani ya bahari utakutana na jamaa wa karibu wa Hippocampus kuda, mwenye ngozi laini isiyo na miiba.

Duniani kuna zaidi ya aina 40. Wadogo kabisa, wa Asia ya Kusini Mashariki, hawafiki sentimita 2. Mkubwa wa Australia na New Zealand hufika sentimita 35. Wengi niliowaona mimi wana urefu wa kidole cha kati, na hiyo ndiyo sababu watu wanapita juu yao bila kujua. Wavuvi wa kwetu wengi wanamwita farasi tu, basi.

Mwonekano wa mita ngapi ndio mnauita mbaya?

Mita 10 na zaidi, hayo kwetu ni maji ya sikukuu. Mita 3 hadi 5 ni siku nzuri ya kumtafuta farasi. Mita 1 hadi 2 ni siku ya kazi, na siku nyingi ziko hapo. Chini ya mita 1 sishuki na mgeni, hata akiniomba vipi. Kipimo changu ni rahisi: nyoosha mkono wenye saa ya hewa, ile inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, mbele yako. Ukishindwa kuisoma, mzamo umekwisha, tunapanda.

Watu wanashtuka nikiwaambia kwamba mita 2 zinatosha. Zinatosha kwa sababu samaki huyu humwoni kutoka mbali hata kwenye maji safi. Nimewahi kumwonyesha mgeni kwenye mwonekano wa mita 12, kidole changu kikiwa karibu naye kabisa, na bado mgeni akatikisa kichwa kwamba haoni kitu. Macho yanayomwona farasi yanafanya kazi ndani ya nusu mita. Maji yaliyobaki huko nje ni ya nini?

Twende siku gani, saa ngapi?

Hapa ndipo penye siri yote, na hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Mzee mmoja wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, ndiye aliyenifundisha. Nilimkuta kivulini anasuka dema, vipande vya fito vimejaa miguuni pake. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Unatafuta nini huko chini kila siku?" Nikamwambia natafuta farasi, na kwamba siku hizi maji yamechafuka sana. Akauliza bila kuinua macho, "Leo mwezi ngapi mwandamo?" Sikujua. Akasema, "Basi nenda kapumzike. Mtu asiyejua mwezi ngapi ataona nini baharini?"

Kuanzia siku ile naandika mwandamo kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mengi namna hiyo yakipita kwenye mlango mwembamba wa ghuba yanakokota kila tope lililolala chini. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa kwenye siku ya 7 mpaka ya 9, na tena ya 21 mpaka ya 23 hivi, mwendo wa maji ni mdogo, mkondo umelegea, vumbi linapata nafasi ya kutua. Hizo ndizo siku zangu.

Ndani ya siku yenyewe, shuka maji yanapomalizia kujaa. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu, ni masafi kuliko yanayopwa, kwa sababu yanayopwa yamekwisha kuzunguka kwenye mikoko na kubeba kila kilichomo. Nusu saa kabla maji hayajasimama, halafu ule muda mfupi yanaposimama, ndio dirisha lako. Yakianza kupwa utaona mabadiliko mbele ya macho: kwanza ukungu mwembamba unakuja kutoka upande wa mikoko, halafu vipande vya majani, halafu hakuna tena cha kuona.

Upepo nao una neno. Kusi likivuma, takriban Mei mpaka Septemba, fukwe za mashariki na kusini hupigwa sana, na upande wa magharibi wa Unguja unabaki umetulia kiasi. Kaskazi likiingia, mambo yanageuka kwa fukwe zinazotazama kaskazini. Masika ni habari nyingine kabisa. Mto ukifurika, hesabu ya mwezi haisaidii tena. Aliyewahi kufika Malindi wakati Mto Sabaki umejaa ameona bahari inavyogeuka rangi ya udongo. Kando ya mdomo wa mto nasubiri mvua zikatike, halafu nasubiri tena siku kadhaa.

Kama una nafasi ya kuchagua, nenda asubuhi. Aina nyingi za farasi-bahari huishi dume na jike wawili wawili, na asubuhi hukutana kusalimiana: wanabadilisha rangi, wanashikana mikia, wanazunguka jani moja pamoja. Ndio muda pekee ambao wanasogea kiasi cha kuonekana kirahisi. Ukimwona mmoja baadaye mchana, usiondoke haraka, kwani mwenzake huenda yuko mita chache tu kutoka hapo.

Anatafutwaje hasa? Nishike nini, nitazame wapi?

Usimtafute farasi. Tafuta anachoshika.

Kwanza chagua kitu: nguzo ya gati, kamba ya boya, dema lililopotea, ukingo wa majani ya bahari pale yanapokutana na mchanga. Ukingo ni bora kuliko katikati. Kisha punguza eneo lako. Mgeni asiyezoea anaogelea mita 200 kwa nusu saa na harudi na kitu. Mimi hutumia dakika 20 kwenye eneo lisilozidi chumba cha kulala, tena nikirudia jani kwa jani.

Daima elekea upande mkondo unakotoka, hata kama mkondo wenyewe ni mdogo wa kuuhisi shavuni tu. Vumbi utakaloliamsha litaenda nyuma yako. Kama mko wawili, kaeni bega kwa bega. Anayefuata nyuma anaogelea ndani ya vumbi la mwenzake na hatakusamehe.

Kaa juu ya chini kwa kiasi cha urefu wa mkono. Usipige mapezi juu chini; piga kama chura, miguu imekunjwa magotini, mapezi yakiwa juu kuliko kiwiliwili. Pumua polepole. Pigo moja baya la pezi kwenye tope laini linafunga dirisha lako kwa dakika 10.

Sasa macho. Majani ya bahari yanayumba pamoja, yote kwa mdundo mmoja wa wimbi. Farasi aliyeshika jani anayumba pia, lakini anachelewa kidogo, kama mtu asiyejua wimbo anayefuatisha wenzake. Hicho kuchelewa ndicho unachokitafuta. Rangi haitakusaidia, kwani anabadilika afanane na alipo, wengine wanaota vinyuzi vya ngozi, na wengine mwani unawaota mwilini. Lakini jicho haliwezi kujificha. Macho yake mawili hugeuka kila moja kwa njia yake, na mara nyingi kitu cha kwanza unachokiona ni nukta ndogo inayozunguka pale ulipodhani pana mti mkavu.

Wa kwanza niliyempata mwenyewe, bila kuonyeshwa, alikuwa kwenye kamba ya zamani ya nanga, mita 5 chini. Niliitazama ile kamba kwa muda mrefu nikihesabu mafundo yake. Fundo la tatu likanigeukia. Lilikuwa na tumbo limevimba, la kahawia, limetanuka mpaka ngozi inang'aa, na juu ya kichwa vilikuwa vimeota vinyuzi kama nywele za mtoto aliyeamka usingizini. Alikuwa dume mwenye mimba. Nilisahau hata kumwita mwenzangu.

Ni kweli dume ndiye anayebeba mimba?

Kweli. Jike hutia mayai kwenye mfuko wa tumboni mwa dume, dume anayarutubisha humo na kuyabeba, kwa kawaida wiki 2 hadi 4 kutegemea aina na joto la maji. Anazaa kwa kujikunja na kujisukuma, watoto wanatoka wakiwa wamekamilika. Aina ndogo huzaa makumi kadhaa tu, kubwa huweza kuzidi 1,000. Wazazi hawawalei, na wanaofika utu uzima ni wachache mno.

Nikipotezana na mwenza wangu je?

Hili tunalisema juu, kwa sauti, kila mara, hata kama tumezamia pamoja mara mia. Ukimkosa mwenzako, simama. Zunguka mahali pako polepole, tazama pande zote, juu na chini, tafuta mwanga wa tochi na mapovu. Gonga mtungi. Dakika moja, isizidi. Halafu panda, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, mkutane juu. Usibaki chini ukiendelea kutafuta farasi kwa kudhani mwenzako yupo tu karibu. Naye huenda anadhani hivyo hivyo.

Kwenye maji ya mita 1 hadi 2 tunafungana kamba fupi, mita moja na nusu, kila mmoja ameshika kitanzi mkononi bila kukifunga kabisa, ili aweze kukiachia ikinasa. Ishara ni za kuvuta: mara moja ni simama; mara mbili ni njoo uone; mfululizo ni tunapanda. Ile ya mbili huwa inavutwa kwa nguvu kuliko zote.

Nitasema pia lililonipata, maana lilinibadilisha. Miaka ya mwanzo niliwahi kushuka na mashua ya kukodi, nahodha akakubali kukaa juu yetu. Tulipopanda hakuwapo, alikuwa amesogea kwenda kutega mshipi, na mashua ya mashine ilipita karibu sana na vichwa vyetu. Tangu hapo sishuki bila boya langu mwenyewe lenye kamba mkononi, na nahodha tunaelewana kwa maneno kabla ya kulipana: hatoki kwenye boya.

Natakiwa niwe na cheti gani?

Cheti cha mzamiaji wa mwanzo, kile kinachoruhusu mita 18, kinatosha kwa kina. Mizamo hii mingi iko kati ya mita 3 na 8. Lakini kina kifupi kinawadanganya watu. Hapo karibu na uso wa maji ndipo hewa ya kwenye koti la kuelea inabadilika sana kwa kupanda na kushuka kidogo tu, kwa hiyo kujizuia katikati ya maji ni kugumu kuliko ukiwa mita 15. Kabla sijampeleka mtu kwenye tope, tunakwenda kwanza kwenye mchanga safi, naweka jiwe dogo chini, namwambia akae juu yake dakika 5 uso ukiwa karibu nalo, asiliguse na asiamshe hata chembe. Akiweza, tunakwenda. Asipoweza, tunarudia kesho, hakuna aibu.

Nibebe vifaa gani?

Tochi mbili, dira, kisu kifupi au mkasi wa kukatia nyuzi, na boya. Mkasi ni muhimu kuliko kisu, kwa sababu mabaki ya nyavu na mishipi ni mengi kwenye sehemu hizi na huyaoni mpaka yameshika mtungi. Fungia kila kinachoning'inia. Risasi za kukuzamisha mkandani zisizidi, mzamiaji mzito anakokota magoti chini. Suti ya mikono mirefu hata kama maji ni ya joto.

Tochi usiishike mbele ya uso. Ukimulika moja kwa moja, vumbi lote linang'aa na kukurudishia mwanga machoni, kama dereva anayewasha taa kali kwenye ukungu wa Lushoto. Ipeleke pembeni, mkono umenyooka, mwanga uingie kwa mshazari na uwe hafifu.

Kwenye maji ya kijani napata kizunguzungu na moyo unaenda mbio. Ni kawaida?

Ni kawaida na si udhaifu. Macho yakikosa mahali pa kushika, akili inapoteza juu na chini. Tazama mapovu yako, yenyewe hupanda juu siku zote. Shika kamba ya boya. Tazama saa ya kina. Vuta pumzi, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta, hesabu nne. Kama haijatulia baada ya pumzi kumi, toa ishara tupande. Hakuna farasi wa thamani ya hofu hiyo, na hakuna kiongozi wa maana atakayekulaumu. Tunashuka kwa kamba badala ya kushuka kwenye maji matupu kwa sababu hiyo hiyo.

Naweza kumgusa kidogo tu? Au kumgeuza kwa picha?

Hapana.

Akiachia anachoshika, mkondo unamchukua, na hana nguvu ya kurudi. Akigeuzwa mgongo, akifuatwafuatwa, anaacha kula, na mwenye mwili usioweka akiba hawezi kuacha kula kwa muda mrefu. Akikugeuzia mgongo mwenyewe, amekwisha kukuambia anachotaka. Mpe dakika 5, rudi nyuma, mwachie zamu mwingine, na kwa kundi la watu wanne kila mmoja akitazama mara moja inatosha.

Na kupiga picha?

Piga, kwa lenzi ya karibu, bila kusogelea zaidi ya pale anapoanza kugeuka. Fleshi kwa farasi-bahari mimi siitumii. Mwanga mdogo wa kudumu unaotoka pembeni unatosha, na picha inatoka nzuri zaidi kwa sababu vumbi halijajaa nukta nyeupe. Picha bora niliyonayo ina kina chote cha kijani nyuma, na yeye mbele, ameshika ganda la jani lililokufa.

Wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje?

Mizamo ya farasi-bahari kwenye maji ya ukungu imezoeleka kuliko watu wanavyodhani. Kusini mwa Uingereza, Studland Bay, wazamiaji wanawatafuta kwenye majani ya bahari, kwenye baridi, mara nyingi kwa mwonekano wa mita chache. Aina mbili za huko zinalindwa na sheria tangu 2008, na kumsumbua kwa makusudi ni kosa. Mwaka 2019 ghuba hiyo ikatangazwa eneo la hifadhi ya bahari, na zikaanza kuwekwa nanga maalumu za kujichimbia chini ili minyororo ya mashua isifyeke majani.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Australia. Farasi-bahari wa Sydney, Hippocampus whitei, alipungua sana, mpaka mwaka 2019 akaorodheshwa kuwa hatarini kutoweka katika jimbo la New South Wales. Mwanasayansi David Harasti alikuwa ameona kwamba walipokosa makazi walihamia kwenye mitego ya kaa iliyotelekezwa, ambayo ilikuwa imeota mwani na sifongo. Basi yeye na wenzake wakatengeneza vizimba vya waya kwa makusudi, wakavishusha, na vinaitwa hoteli za farasi-bahari. Vizimba vinaota viumbe, farasi wanahamia, na vyenyewe vinaoza polepole na kuacha maskani ya asili. Mwaka 2020 watoto waliokuzwa kwenye matangi waliachiwa kwenye hoteli hizo ndani ya bandari ya Sydney, Chowder Bay.

Afrika Kusini nako, kwenye mlango wa mto wa Knysna, anaishi Hippocampus capensis ambaye makazi yake duniani ni milango michache tu ya mito ya pwani hiyo. Huko watafiti waliwakuta kwa wingi ndani ya magodoro ya waya yaliyojazwa mawe, yaliyowekwa kuzuia mmomonyoko kwenye gati la mashua.

Niliposoma habari za mitego ya kaa nilimfikiria yule mzee na madema yake. Dema lililokatika kamba na kulala kwenye majani, mlango wake ukiwa wazi na samaki wakiingia na kutoka, ndipo mahali pangu pa kwanza pa kutazama mpaka leo.

Kwani wanapungua? Ni nani anayewachukua?

Wengi hawawindwi kwa jina lao. Wanaingia kwenye nyavu zilizokusudiwa kamba au samaki wengine, na duniani wanaonaswa hivyo ni makumi ya mamilioni kila mwaka. Wakikaushwa wanauzwa, hasa kwa dawa za asili za Kichina, na wengine huishia kuwa mapambo. Tanzania na Kenya zimo kwenye nchi ambazo biashara hiyo imerekodiwa.

Aina zote za farasi-bahari zimo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Uamuzi ulipitishwa 2002, ukaanza kutumika Mei 2004. Biashara ya nje inahitaji kibali, na nchi zilishauriwa zisiruhusu wenye urefu chini ya sentimita 10, ili wapate kuzaa kwanza. Kwa hiyo ukiuzwa farasi aliyekauka ufukweni, usinunue, na usidhani kumpitisha uwanja wa ndege ni jambo dogo.

Kwetu kinachoniumiza zaidi ni juya la kukokota, kokoro. Limepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na bado linavutwa. Likipita kwenye majani halichagui: linang'oa shina, linabeba kamba, watoto wa tasi, na farasi aliyeshika jani lake mpaka mwisho. Nimewahi kusimama ufukweni wavu ukifunguliwa. Kwenye lundo la majani yaliyong'olewa kulikuwa na wawili, mikia bado imekunjwa kwenye jani moja. Mvuvi kijana aliniruhusu kuwachukua. Nilikimbia nao kwenye ndoo, nikazamia nao bila hata kuvaa mapezi, nikawaweka kwenye majani yaliyosalia. Mmoja alishika. Mwingine hakushika.

Kuna viumbe wa kuogopa kwenye maji hayo?

Wa kuheshimu. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na mkiani ana mwiba wa sumu. Ndiyo maana hatusimami chini wala hatuweki magoti. Samaki-jiwe hujifananisha na jiwe kabisa. Mkono wako usiende mahali jicho lako halijafika. Ukichomwa na yeyote kati ya hao, toka majini, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, na uende hospitali.

Sina cheti cha kuzamia. Naweza kumwona bila mtungi?

Unaweza. Majani mengi yako kwenye mita 1 hadi 3. Kwa miwani na bomba la kupumulia, ukielea kimya juu ya ukingo wa majani maji yakiwa yamejaa na yametulia, unapata nafasi sawa na mwenye mtungi, pengine zaidi, kwa sababu hupulizi mapovu. Mavazi ya kujikinga na jua, mtu wa kukutazama, na usitembee juu ya majani wakati wa kuingia na kutoka.

Nitumie sehemu kamili mliyomwona, niende mwenyewe.

Naomba radhi, sitaji. Farasi-bahari anaweza kukaa miezi ndani ya eneo la mita chache za mraba. Ukilijua jani lake, umemjua yeye, na anayetaka kumkausha atakuwa amemjua pia. Ninachoweza kukupa ni aina ya mahali: ghuba iliyokingwa, mlango wa mkondo wa mikoko, ukingo wa majani, nguzo zilizoota. Ghuba ya Chwaka, Unguja, ina majani mengi ya bahari, Gazi ya Kenya vilevile. Anza kwa kuuliza wenye madema, na uamkie kwanza.

Mara ngapi mnarudi bila kumwona?

Mara nyingi. Kwenye daftari langu mizamo mitatu kati ya mitano haina farasi. Lakini ina mengine: samaki wembamba kama uzi, jamaa zake, waliosimama wima katikati ya majani, ngisi wadogo wakibadilika rangi, pweza mwenye kome mbili mlangoni. Juzi nilishuka na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeweka akiba mwaka mzima kwa safari hii. Mwonekano mita 2. Dakika 41 hatukuona kitu. Dakika ya 42, tumeshaanza kupanda kwa kamba ya boya, akavuta kitanzi mara mbili. Kwenye kamba yenyewe, usawa wa macho yetu, alikuwapo mmoja wa manjano, ameishika kwa mkia, anatutazama kwa jicho moja huku la pili likifuata kitu kingine majini. Tulibaki hapo mpaka saa ya hewa iliposhuka kwenye baa 60 ikatulazimisha kupanda.